Hukumu Mikononi mwa Hadhira: Mapokezi ya "Ozymandias" katika Historia ya Tamthilia ya Uhalifu ya Televisheni

1.0 Utangulizi

Historia ya tamthilia ya uhalifu kwa kawaida huandikwa kama historia ya watunzi, wahusika na mbinu za kisanaa. Hadhira huachwa nyuma, ama kwa sababu machozi na mabishano ya watazamaji hayahifadhiwi kama zinavyohifadhiwa kazi zenyewe, ama kwa kuwa baadhi ya wahakiki huyachukulia kuwa maneno ya barazani yasiyostahili kuingizwa katika uhakiki. Msimamo huo una kasoro. Kazi inayosimulia uhalifu daima humdai mpokezi wake hukumu. Mhakiki anayeishia kwenye matini peke yake hufanana na mtu aliyehudhuria kesi tangu mwanzo, kisha akaondoka kabla ya uamuzi kusomwa.

Makala haya yanachunguza mapokezi ya sehemu moja ya tamthilia ya Marekani iitwayo Breaking Bad, yaani "Ozymandias", iliyorushwa hewani na kituo cha AMC tarehe 15 Septemba 2013. Hoja inayotetewa ni kwamba mzozo uliozuka kuhusu simu moja inayopigwa katika sehemu hiyo haukuwa mzozo wa ladha tu. Ulikuwa mzozo wa hukumu, na hauwezi kueleweka vizuri bila kuwekwa katika historia ya swali hili: ni nani aliyepewa mamlaka ya kumhukumu mhalifu wa kwenye kioo?

Uchunguzi huu unaegemea nadharia ya upokezi kama ilivyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Mwaka wa 1967 Hans Robert Jauss alisisitiza kuwa kila hadhira huipokea kazi ikiwa na upeo wake wa matarajio, na kwamba thamani ya kazi hudhihirika pale inapoutikisa upeo huo. Wolfgang Iser naye alionyesha kuwa matini huacha mapengo ambayo mpokezi hulazimika kuyajaza. Dhana hizi mbili, upeo na pengo, ndizo zitakazotumika hapa.

2.0 Enzi ya Hukumu Iliyoandaliwa

Kwa miongo kadhaa mtazamaji wa Marekani hakuombwa hukumu yoyote. Kanuni ya utayarishaji wa filamu iliyotungwa mwaka wa 1930, na kutekelezwa kwa ukali kuanzia 1934, ilikataza filamu kuivuta huruma ya hadhira upande wa uhalifu. Televisheni ilipoenea, chama cha wenye vituo vya utangazaji kilipitisha kanuni yake iliyoanza kutumika mwaka wa 1952. Kanuni hiyo nayo ilidai kuwa uhalifu uonyeshwe kama jambo lisilofaa wala kuhurumiwa.

Mfano bora wa enzi hiyo ni Dragnet, tamthilia iliyotoka redioni na kuingia katika televisheni ya NBC mwishoni mwa mwaka wa 1951. Kila kisa kilipokwisha, sauti ya mtangazaji ilieleza mahakama iliamua nini na mshtakiwa aliadhibiwa vipi. Kwa istilahi ya Iser, pengo la hukumu lilizibwa kabla mtazamaji hajaliona. Hadhira ilikuwa shahidi. Hakimu alikuwa ni matini yenyewe.

Mfumo huo ulibomoka polepole. Kanuni ya filamu ilikoma mwaka wa 1968 na nafasi yake ikachukuliwa na utaratibu wa kuainisha filamu kwa umri wa watazamaji. Ile ya televisheni ilikoma mwaka wa 1983. Kufikia wakati huo vituo vya kulipia, kikiwemo HBO kilichoanzishwa mwaka wa 1972, vilikuwa vimekwisha kujijengea hadhira. Kwa kuwa HBO kilitegemea ada za wateja badala ya matangazo ya biashara, hakikuwa na mfadhili wa kumwogopa. Kilichobaki kuogopwa ni mtazamaji mwenyewe.

3.0 Nguli Mhalifu na Majaribio ya Awali

Hofu hiyo ilijitokeza wazi mwaka wa 1999 katika The Sopranos, tamthilia iliyobuniwa na David Chase. Katika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza, "College", Tony Soprano anampeleka bintiye kutembelea vyuo. Njiani anamtambua mtu aliyewahi kuwasaliti wenzake kwa polisi, akamnyonga kwa mikono yake. Chris Albrecht, aliyesimamia vipindi vya HBO, alihofia kuwa hadhira ingemchukia Tony na kuiacha tamthilia. Chase alishikilia kinyume chake: Tony asipoua, hadhira haitamwamini tena. Tamthilia iliendelea kupendwa hadi msimu wa sita. Upeo wa matarajio ulikuwa umekwisha kusogea, na mtazamaji sasa aliweza kuona mauaji na kubaki upande wa muuaji.

Jaribio la pili lilikuwa la kina zaidi. Katika "Employee of the Month", iliyorushwa tarehe 18 Machi 2001, Jennifer Melfi, daktari wa akili anayemtibu Tony, anabakwa katika ngazi za jengo la kuegeshea magari. Mshukiwa anakamatwa, kisha anaachiliwa kwa sababu ya dosari katika utunzaji wa ushahidi. Melfi anajua kuwa neno moja tu kwa Tony lingemaliza mambo. Mwishoni anaangua kilio mbele yake, Tony anamuuliza kama ana la kusema, naye anajibu kuwa hana. Kioo kinakuwa cheusi.

Sehemu hiyo iliwatesa watazamaji wengi kwa sababu waliingoja damu na hawakuipata. Hata katika misimu iliyofuata, hadi tamthilia ilipofika ukingoni mwaka wa 2007, kisasi hicho hakikuonyeshwa kamwe. Melfi alikataa kutenda kile ambacho mtazamaji alikuwa amekwisha kukitenda moyoni. Kwa hivyo pengo la hukumu liliachwa wazi, na aliyechungulia ndani yake alijiona mwenyewe.

4.0 "Ozymandias": Mpangilio wa Matukio

Breaking Bad ilianza tarehe 20 Januari 2008 na kumalizika tarehe 29 Septemba 2013, ikiwa na sehemu 62. Mbunifu wake, Vince Gilligan, alikusudia kumgeuza mwalimu mpole awe jambazi mbele ya macho ya hadhira. Walter White, mwalimu wa kemia katika mji wa Albuquerque, anagundua kuwa ana saratani ya mapafu na kuanza kutengeneza methamfetamini, akidai anaiwekea familia yake akiba. "Ozymandias" ni sehemu ya tatu kutoka mwisho. Iliandikwa na Moira Walley-Beckett na kuongozwa na Rian Johnson. Jina lake limetoka katika soneti ya Percy Bysshe Shelley iliyochapishwa mwaka wa 1818, inayohusu sanamu iliyovunjika ya mfalme aliyejivunia kazi za mikono yake.

Mapokezi ya sehemu hii yalianza kabla haijaonyeshwa. Sehemu iliyotangulia, ya tarehe 8 Septemba, ilikatizwa katikati ya ufyatulianaji wa risasi. Hank Schrader, afisa wa kupambana na dawa za kulevya na mwanyumba wake Walter, alikuwa amekwisha kumtia pingu Walter jangwani wakati genge la Jack lilipotokea. Hadhira iliachwa katika hali hiyo kwa siku saba. Iser alipata kueleza kuwa riwaya zilizochapishwa kwa mafungu katika karne ya 19 zilimchochea msomaji kwa kumkatizia hadithi. Hapa pengo halikuwa sitiari bali wiki nzima ya kalenda. Aliyetamani Walter aponyoke pingu alikuwa na muda wa kutosha wa kulijua tamanio lake.

Jibu lilikuwa kali. Hank anauawa licha ya Walter kupiga magoti na kuahidi fedha zake zote, dola milioni 80. Walter anamtoa Jesse Pinkman, mwanafunzi na mshirika wake wa zamani, kwa genge lile, na kabla Jesse hajaondolewa anamwambia kuwa alimtazama mpenzi wake Jane akifa bila kumwokoa. Nyumbani, Skyler anatambua kuwa Hank ameuawa na anamkabili mumewe kwa kisu. Mwana wao mwenyewe ndiye anayewaita polisi. Walter anatoroka na mtoto mchanga, Holly.

Hatimaye inakuja ile simu. Polisi wakiwa wanasikiliza, Walter anampigia Skyler, anamtukana, anamlaumu kwa kulalamika na kutomtii, na kujitapa kuwa biashara yote aliijenga peke yake. Wakati huohuo uso wake umelowa machozi. Baadaye anamwacha mtoto katika kituo cha zimamoto na kutoweka.

5.0 Simu na Wasikilizaji Wake

Sehemu hiyo ilitazamwa na watu wapatao milioni 6.4 nchini Marekani, ilhali ya kwanza kabisa ilikuwa imetazamwa na milioni 1.4. Walioitazama hawakusikia simu moja. Mikondo mitatu ya fasiri ilijitokeza.

Mkondo wa kwanza uliyapokea maneno ya Walter kama yalivyo. Kwa watazamaji hao mume aliyevumilia muda mrefu alikuwa hatimaye amesema ukweli, na baadhi yao walifurahi. Mkondo wa pili uliiona simu kuwa hila: Walter alijua polisi wanasikiliza, akajitwika lawama zote ili mkewe asishtakiwe. Watunzi wenyewe walithibitisha baadaye kuwa ndilo lililokuwa kusudi lao. Mkondo wa tatu uliwakilishwa na Emily Nussbaum, mhakiki wa jarida la New Yorker, aliyeandika siku iliyofuata kuwa simu hiyo ni hila na hasira kwa pamoja, na kwamba iliwalenga pia mashabiki waliomtukuza Walter na kumchukia mkewe.

Matini inaupa mkondo wa pili ushahidi mzito. Sehemu inafunguliwa kwa mbinu rejeshi: Walter, katika siku zake za kwanza za uhalifu jangwani, anafanya mazoezi ya uongo atakaomwambia Skyler kwa simu, akirudia maneno kama mwigizaji. Hivyo mtazamaji amefundishwa mapema kuwa mtu huyu akishika simu kuzungumza na mkewe, asikilizwe kwa tahadhari. Aliyeshangilia mwishoni alikuwa amesahau mwanzo. Alisikiliza maneno, akayapuuza machozi.

Hata hivyo, mkondo wa pili nao una udhaifu. Ukichukuliwa peke yake, unamrudishia Walter ushujaa wake. Mtu aliyesababisha kifo cha mwanyumba wake, akamtoa kijana kwa wauaji na kumpokonya mama mtoto wake, anageuka kuwa mume anayejitoa mhanga. Kwa njia hii wale walioshangilia hasira na wale walioshangilia hila wanakutana mahali pamoja: wote wawili wanamtafutia nguli njia ya kuokoka. Tofauti yao ni ya wakili, si ya upande.

6.0 Kesi ya Skyler

Ili mkondo wa kwanza ueleweke, ni lazima irejelewe chuki iliyokuwa imemwandama Skyler tangu misimu ya awali. Mnamo Agosti 2013, wiki chache kabla ya "Ozymandias", mwigizaji Anna Gunn alichapisha makala katika gazeti la New York Times akieleza jinsi chuki dhidi ya mhusika huyo ilivyomgeukia yeye mwenyewe, kiasi cha kutishiwa maisha. Alihitimisha kuwa Skyler alikuwa kipimo cha mtazamo wa jamii kuhusu wanawake na wake. Kosa la Skyler lilikuwa kumuuliza mumewe maswali ambayo katika enzi ya Dragnet yangeulizwa na polisi.

Hapa ndipo simu inapopata uzito wake wa kihistoria. Lawama anazotamka Walter zinakaribiana mno na zile zilizokuwa zikitolewa na baadhi ya watazamaji kwa miaka kadhaa: kwamba Skyler ni mlalamishi, hana shukrani, anamwekea vizuizi mwanamume mwenye kipawa. Katika fasihi simulizi fanani huisikia hadhira papo hapo na kuijibu. Tamthilia ya mfululizo, kwa kuwa huandikwa huku zile sehemu za awali zikiendelea kujadiliwa, hurejesha kiasi fulani cha uhusiano huo. Maneno ya hadhira yaliwekwa kinywani mwa mhalifu, tena katika hali ambapo ni sharti yawe uongo. Waliomchukia Skyler walisikia lugha yao wenyewe ikisemwa kama igizo la ukatili. Kwamba wengine wao hawakuitambua ni sehemu ya ushahidi.

7.0 Hitimisho

Mwaka wa 2014 Walley-Beckett alipata Tuzo ya Emmy ya uandishi kwa sehemu hii, na Gunn akatuzwa kwa uigizaji wake. Tuzo hizo zilithibitisha ubora wa kazi, lakini hazikuumaliza mzozo, wala hazikuweza. Kanuni za 1930 na 1952 ziliwanyima watazamaji haki ya kuhukumu kwa kuhofia kuwa wangempendelea mhalifu. Mapokezi ya "Ozymandias" yanaonyesha kuwa hofu hiyo haikuwa bila msingi, ila dawa iliyotumika haikuwa ya ugonjwa huo. Kuziba pengo hakumfundishi mtu kuhukumu. Humzuia tu asijulikane angehukumu vipi.

Faida ya kuliacha pengo wazi ni kwamba hukumu hutolewa hadharani na huweza kujadiliwa. Kwa mwanafunzi wa fasihi, mabishano ya watazamaji kuhusu simu ile ni matini inayohitaji kuhakikiwa kwa makini yaleyale yanayotolewa kwa tamthilia yenyewe. Ndani yake mmehifadhiwa jambo ambalo kanda ya sehemu hiyo haina, yaani jinsi watu wa mwaka wa 2013 walivyompima mume mwenye kosa na mke mwenye maswali. Katika mabishano hayo Hank alitajwa, Jesse alitajwa, na hata pipa la fedha alilolisukuma Walter jangwani lilitajwa. Mtu ambaye wengi walichelewa kumtaja kama aliyekosewa ni yule aliyekuwa upande wa pili wa simu, akisikiliza.