Poda Inataka Mkono Mwepesi

Historia ya Mwanza tumeisoma kwa pamba, reli na siasa. Uso wa dada aliyesimama nyuma ya gunia la pamba hauna ukurasa. Mimi nauanzia kwenye kopo la poda.

Njia zenyewe zinajulikana. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa zikavuka ziwa kwa meli. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikaingia Mwanza. Pamba ikaondoka, pesa ikabaki kidogo, na pesa haikuishia kwenye jembe na khanga tu.

Tatizo la poda lilikuwa rangi. Kule Marekani, Anthony Overton, mtu aliyezaliwa utumwani, alianzisha kampuni mwaka 1898 na baadaye akawauzia weusi wenzake poda ya kahawia. Lakini dada wa Kirumba mwenye kopo la poda nyeupe angefanyaje? Alibaki na dawa moja tu: mkono. Ukiipaka kama chokaa ya ukutani, mtaa mzima utakuuliza umetoka mashine gani ya kusaga. Basi mafuta yaingie kwanza ngozini, la sivyo poda itashika mabaka. Kisponji kiguse poda, kikung'ute, halafu bonyeza, usisugue: paji la uso, pua, kidevu, pale jasho linapoanzia. Kilichozidi pangusa kwa kitambaa kikavu. Kinachobaki hakionekani, kinanyonya jasho tu, na jua la saa nane kandokando ya ziwa unalijua mwenyewe. Hapo uso umebaki na rangi yake. Huo, kwangu, ni ufundi, siyo usista du.

Wakubwa nao walikuwa na neno na nyuso hizo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni mini, mawigi, suruali za kubana na madawa ya kujichubua. Kuhusu madawa hayo walikuwa na hoja, ila kumkimbiza msichana barabarani kwa sababu ya sketi, hapana! Ubishi ukahamia magazetini, na barua zikamiminika.

Halafu ikaja njaa ya madukani. Baada ya vita vya Kagera hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Machi 1983 msako wa wahujumu uchumi ukaanza, na vya magendo vikafichwa uvunguni. Kopo la poda katika miaka hiyo huwezi kulimwaga ovyo. Mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kulegezwa, Mzee Ruksa akaingia Ikulu mwaka 1985, na vipodozi vikawa kibao. Mkorogo nao haukubaki nyuma.

Sasa sikia hili. Mwaka 1999 wanasayansi, akiwemo Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyejulikana kwa ugonjwa wa Minamata, walichapisha vipimo vya nywele za watu wa kanda yetu ya ziwa. Walikuwa wakifuatilia zebaki ya machimbo ya dhahabu. Kumbe baadhi ya waliokutwa nayo nyingi, hapahapa Mwanza, hawakuwa wachimbaji wala nini: walikuwa wakiogea sabuni yenye zebaki! Poda unainawa jioni ukalala. Zebaki huinawi, inapita ngozini mpaka kwenye figo.

Si kwamba poda ni malaika. Mwaka 2024 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, kwa hiyo lile wingu la kupuliza usoni tuliache. Johnson & Johnson walikwisha kutangaza kwamba kuanzia 2023 poda yao ya watoto, ambayo dada zetu wengi huipaka usoni, itakuwa ya wanga wa mahindi duniani kote. Sasa wakikuuliza umetoka mashine gani, wajibu.