Rihani, Ubani na Harufu ya Nyumba zetu za Unguja

Kijana mmoja alituuliza baada ya darsa, je, chetezo cha bibi yake kitupwe, maadamu waganga nao hufukiza ubani? Tumeona tutazame tarikhi kabla ya hukumu.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vichochoro vyake ni vyembamba. Masika yanapoingia, kuta hushika unyevu na nguo huvunda sandukuni. Wazee wetu walilitibu hilo kwa mrehani uliopandwa uani, asumini na mkadi kitandani, na karafuu ndani ya masanduku (hizi ni za juzi tu, kwani mikarafuu imeingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19). Jioni huwashwa chetezo. Ubani uliletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni na Usomali. Udi ulitoka Bara Hindi na nchi za mashariki yake. Nguo zilitandazwa juu ya tenga, chetezo kikiwa chini, mpaka zikashika harufu.

Haya si mageni katika dini. Imamu Muslim amepokea kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akijifukiza kwa udi mtupu, na mara nyengine akiutilia kafuri, na akieleza kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya Mtume (s.a.w.). Humo humo imepokewa kuwa anayepewa rihani asiikatae, kwa wepesi wake na uzuri wa harufu yake. Na Nuaim, aliyepokea kwa Abu Huraira (r.a.), lakabu yake ni al-Mujmir, yaani mfukizaji, kwa ajili ya kuufukiza msikiti wa Mtume.

Basi mwenye kufukiza ili kuwaita majini au kuwaomba kinga, huyo ameingia katika shirki, na kosa ni lake, si la ubani. Bibi yule alikuwa akiuondoa uvundo tu. Chetezo chake kibaki.

Ila wako wanaofukiza chumba chenye mkojo wa mtoto wakadhani kimetoharika. Moshi hauondoi najisi. Paoshwe kwanza kwa maji.

Na mjane aliye edani asijifukize mwili wala nguo, kwa Hadithi ya Ummu Atiyya (r.a.). Ama mrehani uliokwishaota uani kwake, hatuoni sababu ya kuung'oa.