Wasaidizi wa kisheria: elimu iliyotoka mjini kwenda kijijini

Kwa miaka mingi, mwanakijiji wa Tanzania Bara mwenye kesi mahakama ya mwanzo alisimama peke yake mbele ya hakimu. Hata angekuwa na fedha za wakili, zisingemfaa: sheria iliwazuia mawakili kuingia mahakama hizo, na zuio hilo lilikuja kulegezwa mwaka 2021. Nia ilikuwa njema, kesi zisikilizwe upesi na kwa Kiswahili. Lakini mjane anayefukuzwa nyumbani na shemeji zake hakuwa na wa kumweleza hata pa kuanzia.

Walimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa msaada wa bure tangu miaka ya 1960, ila ulibaki karibu na mji. Mwamko mkubwa uliletwa na wanawake. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na muongo uliofuata vituo vya wasaidizi wa kisheria vikaota mikoani, Morogoro ikiwa miongoni mwa ya mwanzo.

Walikuwa na jambo zito la kupeleka vijijini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Francis Nyalali akiwa Jaji Mkuu, ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akaamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi. Hukumu zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Bila mtu wa kuzieleza kwa Kiswahili chini ya mwembe, zingebaki makabatini.

Waliofundishwa kazi hiyo ni walimu wastaafu, wakulima, akina mama wa vikundi. Walisoma ndoa, mirathi, haki za watoto, na ardhi, hasa baada ya Sheria Na. 4 na Na. 5 za mwaka 1999. Somo la mirathi lilidai umakini: cheti cha kifo kiko wapi? Kikao cha ukoo kimekaa, na muhtasari umesainiwa na nani? Msimamizi aliyependekezwa ni huyo huyo anayeng'ang'ania nyumba? Tena kulikuwa na hesabu ya siku. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Wangapi wamepoteza haki kwa kudhani bado wana muda!

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi, na Zanzibar ikapata yake mwaka 2018. Sasa msaidizi lazima awe amepata mafunzo na afanye kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa. Hamtozi mteja, wala hamwakilishi mahakamani. Mipaka hiyo naiunga mkono, maana vishoka wamewaumiza watu wengi kwa kujifanya mawakili.

Nisilokubaliana nalo ni kumwachia nauli msaidizi anayejitolea. Akimsindikiza mjane hadi makao makuu ya wilaya, anatoa mfukoni mwake, na kesi ikiahirishwa mara tatu analipa mara tatu. Halmashauri zina bajeti za kila mwaka. Fungu la nauli hiyo liwekwe humo.