Kwa Nini Mifupa Hudhoofika?

Fungueni vitabu, tusome pamoja.

Zamani mama mzee akivunjika mfupa kwa kujikwaa tu, watu walisema, "Ni uzee." Daktari Fuller Albright wa Boston, Marekani, hakuridhika na jibu hilo. Ingawa yeye mwenyewe aliugua maradhi ya kutetemeka, aliwachunguza wenye mifupa dhaifu, akaona kuwa wengi ni wanawake waliokoma hedhi. Mwaka 1941 alieleza sababu: hedhi ikikoma, mwili hupungukiwa na homoni iitwayo estrojeni, nayo huilinda mifupa.

Mwaka 1984 madaktari wa mji ule ule walitoa habari za wanawake vijana waliojinyima chakula kwa maradhi ya kuogopa kunenepa. Hedhi ilikuwa imekatika, na mifupa yao imepungua kabla ya uzee.

Basi, ukimwona binti amekonda sana, hali chakula, wala haoni hedhi, usimcheke wala usimkaripie. Huo ni ugonjwa. Mpeleke kwa daktari mapema.

Swali: Njaa huiharibuje mifupa? Andikeni jibu katika daftari zenu. Kwaherini.