Kutoka chekechea hadi mahabusu: Wachungaji wa vibarua wa California

SEPTEMBA 8, 2025 ilitimia miaka 60 tangu vibarua Wafilipino wa mji wa Delano, California, walipoacha zabibu zikining'inia na kugoma. Walidai dola 1.40 kwa saa, ujira uleule waliokuwa wameupata katika mavuno ya Coachella miezi michache kabla. Kiongozi wao, Larry Itliong, hatajwi sana siku hizi. Septemba 16 chama cha vibarua wenye asili ya Meksiko kilikutana katika ukumbi wa kanisa la Bikira Maria wa Guadalupe na kuamua kuungana nao. Chama hicho kiliongozwa na Cesar Chavez, na jina lake ndilo lililofunika mengine yote.

Miongoni mwa yaliyofunikwa yamo majina ya wachungaji wa Kiprotestanti waliokuwa wakihudumu katika kambi za vibarua kabla mgomo haujafikiriwa. Simulizi zao zimehifadhiwa katika mkusanyo wa kumbukumbu ulioandaliwa na LeRoy Chatfield, bradha wa Kikatoliki aliyeacha shirika lake ili ajiunge na vibarua. Ukizifuata simulizi hizo, utaona kwamba Injili iliwachukua wachungaji hawa mahali ambapo waliowatuma hawakukusudia wafike.

Msomaji wa Tanga hahitaji maelezo marefu kuhusu maisha ya vibarua. Manamba wa mkonge walitoka Kigoma, Songea na Msumbiji, wakapewa namba na kukatiwa kipande. Wenzao wa Marekani hawakuletwa shamba moja wakakaa. Waliyafuata mavuno: leo pamba, kesho nyanya, keshokutwa zabibu, familia nzima ndani ya gari bovu. Mtoto aliyeanza darasa mwezi wa tisa mara nyingi hakulimaliza shuleni hapo.

Kazi ya kanisa kati yao ilianza mwaka 1920, nayo ilianzishwa na wanawake. Baraza la wanawake wa makanisa ya Kiprotestanti lililoshughulikia misheni za nyumbani lilifungua vituo vya kulelea watoto katika kambi za mboga na matunda za pwani ya mashariki. Mama akiwa kazini tangu alfajiri, mtoto alipata pa kuoga, kula na kulala. Huduma ikaenea majimboni, California ikiwemo. Baadaye magari yalizunguka makambini yakiwa na kinanda, vitabu na mipira. Mwaka 1950 yote yakaingia chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa.

Ilikuwa huduma isiyo na adui. Mwenye shamba naye alikuwa mshirika wa kanisa, alitoa sadaka, na pengine mkewe alijitolea kufundisha watoto. Nani angechukia mtoto kupewa maziwa?

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1961, Chris Hartmire, mchungaji kijana wa Kipresbiteri, alipokabidhiwa uongozi wa huduma hiyo California. Mwaka uliofuata Chavez alianzisha chama chake, na Hartmire akamruhusu mchungaji Jim Drake kufanya kazi na Chavez. Kiangazi cha 1965, Drake na mwenzake David Havens walishirikiana na Gilbert Padilla, mmoja wa viongozi wa chama, kuwaongoza wapangaji wa kambi za Linnell na Woodville kugomea kodi. Familia ziliishi katika vibanda vya bati vilivyojengwa miaka ya 1930, na serikali ya wilaya ilikuwa imepandisha kodi. Jua la huko likiwaka, ndani ya bati ni kama tanuri. Mchungaji aliyezoea kwenda pale na mipira ya watoto sasa alisimama mlangoni akiulizia bomba la maji.

Kisha Delano ikawaka moto. Oktoba 17, 1965, Havens alisimama kando ya shamba na kuwasomea wavunja mgomo maandishi makali yanayohusishwa na Jack London, yanayomweka msaliti wa wafanyakazi wenzake chini ya viumbe wote. Askari wakamkamata kwa kosa la kuvuruga amani. Wakaenda mbali zaidi: wakapiga marufuku neno *huelga*, yaani mgomo kwa Kihispania, lisipigiwe kelele kando ya mashamba. Eti linawasumbua walio kazini.

Wagomaji wakaamua kuipima amri hiyo. Oktoba 19 msafara wa magari uliondoka, askari nyuma yake, hadi ulipowapata wachumaji katika shamba la W. B. Camp. Watu wakashuka, wakajipanga kando ya barabara na kupaza sauti: *Huelga!* Askari wakawaonya. Wakapaza tena. Watu 44 wakakamatwa kwa sababu ya neno moja, miongoni mwao Helen Chavez, mama wa watoto wanane, pamoja na Hartmire na wachungaji wenzake.

Siku hiyohiyo Cesar Chavez alikuwa akihutubia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alipotangaza kilichotokea, aliwaomba watoe pesa zao za chakula cha mchana. Aliondoka na zaidi ya dola 6,000, nyingi zikiwa noti za dola moja moja.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Wachungaji wenyeji wa Delano walilalamika kwamba wageni wanawagawa waumini, na baadhi ya makanisa yakakata michango. Walionung'unika walikuwa walewale waliopongeza chekechea. Huduma ilikuwa ya watu walewale wa kambi zilezile, ila sasa ilitaja senti.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 17, 1966, katikati ya Kwaresima, wagomaji walianza kutembea kutoka Delano hadi Sacramento, bendera ya Guadalupe ikitangulia, ingawa baadhi ya Waprotestanti hawakuipenda. Walifika siku ya Pasaka. Ikaja miito ya kususia zabibu, na Julai 29, 1970 wakulima wakubwa wa Delano wakatia saini mikataba, kamati ya maaskofu Wakatoliki ikiwa imesaidia upatanishi. Mwaka 1971 huduma ya Hartmire ikawa ya kitaifa, ikijulikana kama National Farm Worker Ministry. Mwaka 1975 California ikapata sheria ya vyama vya vibarua wa mashambani. Baadaye chama kilipungukiwa na wanachama, wachungaji wakazeeka, ila huduma ipo hata leo.

Kanisa ninalosali mimi hukusanya sabuni na sukari kila Krismasi kwa familia za vibarua wa mashamba ya jirani. Ni jambo jema, nami hutoa. Miaka yote hiyo sijasikia mhubiri akiuliza kibarua hulipwa kiasi gani kwa siku. Wanaoweza kujibu huwa wamekaa viti vya mbele.