Country Queen: kwa nini watazamaji wa Kiswahili wa Dzaleka na Lilongwe hawaioni kwa jicho moja

Tamthilia ya Country Queen iliwekwa kwenye Netflix tarehe 15 Julai 2022. Ni mfululizo wa kwanza kutoka Kenya kubeba nembo ya jukwaa hilo. Ina sehemu sita, imeongozwa na Vincent Mbaya na Brian Munene, na ilitayarishwa na kampuni ya Good Karma Fiction kwa ushirikiano na DW Akademie ya Ujerumani. Kwa wasikilizaji wetu walioko Malawi, hasa wale waliofika kutoka Kongo na Burundi, ni miongoni mwa tamthilia chache za majukwaa makubwa ambamo lugha yao inasikika vinywani mwa wahusika wenyewe, bila sauti ya kupachikwa juu.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Akisa, anayeigizwa na Melissa Kiplagat, ni mwandaaji wa sherehe jijini Nairobi. Anarejea kijijini kwao, Tsilanga, baada ya miaka mingi, na kukuta kampuni ya madini iitwayo Eco Rock inaitaka ardhi ya wazazi wake na ya majirani. Mkuu wa kampuni hiyo ni Vivienne Sibala, anayeigizwa na Nini Wacera, ambaye Wakenya wengi wanamkumbuka tangu enzi za Wingu la Moto. Mume wa Vivienne ndiye mpenzi wa siri wa Akisa.

Jambo la kwanza linalowagawa watazamaji ni lugha. Wahusika wanahama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kutoka Kiswahili kwenda Sheng, na kijijini wanaingia Kikamba. Mtu wa Kivu Kusini, ambaye nyumbani husema “batoto banakuya” pale Mkenya anaposema “watoto wanakuja”, hafuati mazungumzo hayo kwa urahisi. Kiswahili anakipata, Sheng inampita, na Kiingereza kinamfunga mlango, kwa kuwa shuleni alifundishwa kwa Kifaransa. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yanamfaa tu iwapo anasoma kwa haraka. Mrundi aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, yuko karibu zaidi na lafudhi ya pwani, lakini naye atajikwaa kwenye misemo ya mitaani ya Nairobi. Watoto wao waliosoma Malawi kwa Kichewa na Kiingereza wana nafuu, na aghalabu mtoto ndiye anayemfasiria mzazi.

Hivyo wapo wanaoiona lugha hiyo kuwa kasoro: Kiswahili kimefanywa kiungo cha mchuzi badala ya chakula. Hoja hiyo ina uzito, lakini ikumbukwe njia nyingine ilivyokuwa. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, yote ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa sana, na kila neno lilieleweka. Hata hivyo, kilikuwa Kiswahili cha watu ambao hawapo popote: familia ya Beijing inayogombana kama inasoma taarifa ya habari. Mchanganyiko wa Country Queen unachosha sikio, ila ndivyo watu wanavyosema, na mtu wa Dzaleka, ambaye kwa siku moja hupita katika Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kichewa na Kifaransa, ana sababu ya kuutambua. Hata Kikamba hakimtupi mbali sana: “mundu” ya Wakamba ni “muntu” ya Washi na “munthu” ya Wachewa.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni ardhi. Mtazamaji wa Nairobi anaweza kuuliza kama Akisa ataiokoa nyumba ya wazazi wake. Mtu aliyetoka Kivu Kusini ana maswali mengine, kwa sababu kisa hiki kwake si cha kubuni. Mgodi wa dhahabu wa Twangiza, ulioendeshwa na kampuni ya Banro ya Kanada, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012, na familia za Luhwinja zilizokuwa zikiishi hapo zilihamishiwa Cinjira. Mtazamaji kama huyo anataka kujua karatasi ya fidia iliandikwa nini, nani alitia sahihi kwa niaba ya nani, na kilima wanachopelekwa watu kina maji au hakina. Kwa kipimo hicho tamthilia inapungukiwa: hila za wakubwa zinaonyeshwa vizuri, lakini maisha ya mwanakijiji wa kawaida yanapitiwa haraka mno.

Nchini Malawi swali hilo lina upande wake. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka mashaka rasmi juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, uhuru wa kutembea na umiliki wa mali. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, umbali wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000. Leo wanaoishi humo wamepita 50,000. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwaondoa kwa nguvu. Mfanyabiashara aliyefunga duka lake Lilongwe mwaka ule hawezi kumtazama mwanakijiji wa Tsilanga akiambiwa ahame kama anayetazama burudani tupu.

Ndiyo maana wengine hawautaki upande huo kabisa. Wanafuata mapenzi ya Akisa, mavazi ya Vivienne na siri za ndoa, wakisema ya kuhamishwa wameyaona ya kutosha. Ni haki yao. Kwa maoni yetu, Vivienne ndiye anayeibeba tamthilia: hajioni kuwa mwovu, na kila anapoingia mazungumzo yanakaza. Sehemu za mwanzo, kinyume chake, zinakwenda polepole.

Kwa anayetaka kuamua mwenyewe, gharama ya intaneti ndiyo kizuizi, na malipo ya Netflix huhitaji kadi ya benki ambayo wakimbizi wengi hawana. Mwenye akaunti anaweza kupakua sehemu hizo kwenye simu akiwa mjini penye Wi-Fi, kisha akazitazama kambini bila kutumia bando.