Moyo Unaotoa Shauri: Akili, Hisia na Upendo katika Historia ya Kigali

Swali la kama mwanadamu aongozwe na akili au na moyo ni la kale, na katika madarasa ya fasihi halikosi watetezi wa pande zote mbili. Anayetetea akili hukumbusha kwamba hasira ni hasara. Anayetetea moyo hujibu kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Methali zote mbili ni zetu na zote zina ukweli. Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa jicho la historia, na mahali tulipopachagua ni Gitega na mitaa jirani, mjini Kigali.

Gitega tunayoizungumzia si ule mji wa Burundi. Ni mmoja wa mirenge kumi ya Wilaya ya Nyarugenge, upande uleule wa mji zilipo Nyamirambo na Biryogo. Kiswahili kiliingia Kigali pamoja na askari na wafanyabiashara tangu Richard Kandt alipoanzisha hapo kituo cha utawala wa Kijerumani mwaka 1907, na Biryogo ndipo kilipotia mizizi. Kwa hiyo mkaazi wa mitaa hii amezoea kusikia mambo ya moyo yakisemwa kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili pia.

Tuanze basi na lugha. Kiswahili kimepokea maneno akili, hisia na dhamiri kutoka Kiarabu, nasi tumezoea kuyatumia kana kwamba kila moja lina chumba chake ndani ya mtu. Kinyarwanda kina ubwenge, yaani akili, neno ambalo huweza pia kumaanisha ujanja. Kina urukundo, yaani upendo. Kina vilevile umutima, yaani moyo, ambalo ni ndugu wa neno letu mtima linalopatikana katika ushairi. Padri Alexis Kagame (1912–1981), mwanafalsafa na mwanahistoria wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kibantu, aliueleza umutima kuwa ndipo nguvu zote za ndani ya mtu zinapokutana. Aidha, dhamiri kwa Kinyarwanda huitwa umutimanama: umutima na inama, moyo na shauri. Katika neno hilo moyo ndio wenyewe unaotoa shauri. Haungoji akili iuamrishe.

Je, historia inakubaliana na neno hili? Tutazame mwaka 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza tarehe 7 Aprili na kudumu takriban siku mia moja, mara nyingi husimuliwa kama mlipuko wa chuki tu. Chuki ilikuwapo, na redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliichochea kila siku. Hata hivyo, akili nayo ilikuwa kazini. Kulikuwa na orodha za majina, silaha zilizogawanywa mapema, na vizuizi barabarani ambapo watu walidaiwa vitambulisho vilivyoonyesha kabila, utaratibu uliotokana na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930. Waliopanga hayo walikuwemo wasomi. Ubwenge haukuwapungukia, walichokosa ni umutimanama.

Katika mji huohuo, huko Nyamirambo, Damas Mutezintare Gisimba, aliyefariki mwaka 2023, alikuwa akiongoza kituo cha yatima. Aliwapokea watoto na watu wazima waliokuwa wakiwindwa, hadi wakafikia watu wapatao 400. Huruma ndiyo iliyomfanya afungue mlango. Lakini baada ya mlango kufunguliwa ilibidi watu wale walishwe, wanyweshwe na kufichwa, wiki baada ya wiki. Huruma peke yake haichoti maji. Ilihitajika hesabu, subira, na kujua nani wa kusema naye na kwa maneno gani.

Miongoni mwa waliompelekea maji ni Carl Wilkens, Mmarekani wa shirika la misaada la Waadventista, aliyeamua kubaki Kigali wakati wageni wengine walipohamishwa. Wanamgambo walipokizingira kituo, Wilkens alikwenda katika ofisi za mkuu wa mkoa kutafuta msaada. Huko akamkuta Jean Kambanda, Waziri Mkuu wa serikali iliyokuwa ikiendesha mauaji yenyewe. Kwa hisia, mtu yule alistahili kulaaniwa. Kwa hesabu ya kawaida, kumwomba awaokoe yatima kulikuwa kazi bure. Wilkens alimsogelea akamwomba, na Kambanda akakubali. Watu wa kituo walihamishiwa kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, wakaokoka. Kambanda mwenyewe alikiri makosa mbele ya Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1998.

Tukilipima tukio hilo kwa mizani ya darasani, tutashindwa kusema ni wapi akili iliishia na upendo ukaanzia. Upendo ndio uliompeleka Wilkens kwenye ofisi zile. Akili ikamzuia kusema lililokuwa moyoni mwake.

Baada ya vita kazi ilirudi mitaani. Hadi zilipofungwa mwaka 2012, mahakama za gacaca ziliwakalisha majirani pamoja kote nchini, Gitega ikiwamo: aliyefiwa na anayeshtakiwa, mbele ya watu wanaowafahamu wote wawili. Sheria ilidai ukweli, majeraha yalidai kisasi, na kesho yake watu walewale walikutana tena sokoni. Kusamehe hakuwezi kuamriwa na sheria; wako walioweza na wako wasioweza, wala hatuna haki ya kuwalaumu.

Walimu wenzetu, tunapofundisha msamiati wa akili, hisia na upendo, tusiishie kwenye kuyatenga maneno haya katika safu tatu ubaoni. Tuwaulize wanafunzi wetu: jirani akibisha hodi usiku akiwa na hofu, ni neno lipi kati ya hayo litakalofungua mlango, na ni lipi litakalojua la kufanya baada ya kuufunga?